Ada ya Asubuhi

Nairobi, 4 Machi 1979

Dada Loise,

Salamu nyingi. Mimi na wifi yako Nthambi hatujambo, hofu ni kwenu, hasa mguu wa Mama uliovunjika.

Nina habari njema. Asubuhi ndege zilikuwa zinajazana hapa uwanjani, nyingine zinazunguka angani zikingoja kutua, na abiria wananitukana mimi. Nikashauri wakubwa: anayetua asubuhi alipe ada kubwa, anayengoja mchana alipe kidogo. Wamekubali! Vindege vidogo vimehamia mchana vyenyewe. Nimepandishwa cheo. Mwambie Mama.

Kaka yako,
Zephaniah

Rukanga, 20 Mei 1979

Kaka Zephaniah,

Habari za huko? Sisi wazima, isipokuwa Mama, na sababu ni wewe.

Kimoja cha hivyo vindege ulivyofukuza ni cha misheni, kinachobeba wagonjwa wa machela kutoka Voi. Misheni haiwezi ada yako, kwa hiyo rubani hungoja mchana. Daktari wa mifupa huona wagonjwa wa mbali Jumatano asubuhi tu. Tukifika, ameshaondoka. Na usiseme tulale kwako, machela haipandi ngazi za ghorofa yako. Mfupa wa Mama unaunga kombo. Usiponyooshwa upesi hatatembea tena. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini wewe umezaliwa humu humu! Mama amekukasirikia, nami pia. Ondoa hiyo ada kwa wagonjwa.

Dada yako,
Loise

Nairobi, 11 Juni 1979

Dada Loise,

Poleni sana. Nimemwomba mkubwa wangu, akanifokea: akisamehe mmoja, kila ndege itadai ina mgonjwa. Hasira hasara, dada. Jumatano ya tarehe ishirini nitailipa ada mwenyewe, Mama aje asubuhi.

Nthambi ameharibikiwa na mimba. Hasira ya mzazi huingia nyumbani mwa mtoto, unajua. Mwombe Mama anitasie: aweke maji kinywani, ayateme kwa baraka, moyo wake upoe.

Kaka yako,
Zephaniah

Rukanga, 2 Julai 1979

Kaka,

Mpe wifi pole. Mama amemlilia.

Ndege ilikuja asubuhi kama ulivyosema. Hubeba machela moja tu. Mama akaamuru alazwe mtoto wa jirani yetu Katuku, aliyevunjika paja. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mama akasema, "Huyu wa Katuku hana kaka uwanjani."

Tuliporudi nyumbani kutoka Voi nikamsomea barua yako tena, nikampa maji. Akauliza, "Ada imeondolewa?" Nikasema bado. Akayaweka kinywani, nasi tukangoja ayateme.

Aliyameza.

Loise