Nimemfundisha Kujiamini Mpaka Haamui Tena Lolote

Mama Mshauri, shikamoo.

Naomba unisaidie kabla sijapata presha, maana nimefika mahali nikisikia tu mlango wa ofisi unagongwa moyo unanidunda, najua ni Wilhelmina huyo anakuja kuniuliza kitu anachokijua kuliko mimi.

Mimi ni msimamizi wa mapokezi ya samaki katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, zamani nilikuwa katika shirika la umma, lilipouzwa nikaja huku kwa mtu binafsi, na Wilhelmina ndiye mkaguzi wangu, dada wa miaka kama thelathini, mtoto wa wavuvi wa Ukerewe, ambaye akifunua shavu la samaki na kumbonyeza mgongoni mara moja anakwambia huyu kavuliwa jana, huyu juzi, huyu barafu ilimchelewa, na hakosei, Mama, nimempima mara nyingi hakosei, lakini boti za mawakala zikishafika gatini na wazee wenye samaki wakasimama mbele yake, anapiga goti, anawaamkia, halafu huyo anakuja ofisini kwangu: "Bosi, hawa niwapokee au niwarudishe?" Kila kreti. Kila siku ya Mungu.

Nimejaribu yote. Nilihudhuria semina Dar ya mambo ya kuongoza wafanyakazi, tukaambiwa asiyejiamini asifiwe mbele ya wenzake, basi niliporudi nikawakusanya wote asubuhi, nikamsimamisha mbele, nikasema huyu ndiye mkaguzi bora, mpigieni makofi ya kilo, wakampigia huku wengine wanacheka, naye akaangalia buti zake mpaka nilipomruhusu kurudi kwenye mstari. Nikamwandikia karatasi yenye maneno MIMI NAWEZA, nikaibandika ukutani juu ya meza yake, ikalowa ikaanguka. Halafu nikawa nasimama kabisa ubavuni mwake wakati anakagua ili apate moyo, na akisita kidogo namsaidia kujibu, maana jua linazidi kupanda na barafu inayeyuka.

Mara moja tu alithubutu, mwezi wa pili, akakataa kreti sita za Mzee Ngosha, wakala wetu mkubwa, mzee wa heshima zake, naye akaja juu, akasema atawapeleka samaki wake kiwanda cha jirani, na unajua siku hizi viwanda vimekuwa vingi, wakala anabembelezwa kama bibi harusi, basi nikatoka ofisini, nikaingiza kidole kwenye shavu, nikanusa, nikamwambia "Wilhelmina, hawa wanafaa, pokea," kwa upole kabisa, ili ajifunze, na kweli baadaye kreti zile tulizitupa, samaki walikuwa wameharibika, ila hilo ni suala jingine.

Sasa tajiri mwenye kiwanda amesema kama Wilhelmina hawezi kusimama mwenyewe hadi mwisho wa mwezi huu, atapunguzwa kazi, na mimi ndiye niandike ripoti. Ana watoto wawili na mama mgonjwa. Sitaki aondoke, Mama, lakini nimechoka. Nimfanye nini ajiamini? Jina langu mlitoe tu, sina cha kuficha.

Muganyizi, Mkolani

MAMA DOROTEA ANAJIBU

Marahaba, Muganyizi. Umetaka jina litoke, limetoka. Ukimaliza kusoma utajuta, lakini gazeti litakuwa limeshauzwa.

Pole kwa uchovu. Kusimamia watu ni kazi, na wapo mabosi wengi ambao wangeshamfukuza huyo dada bila kuandika barua kwa mtu yeyote. Hilo nakupa. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilivua miwani nikaiweka mezani. Umenieleza habari za semina, makofi na karatasi iliyolowa, halafu jambo lenyewe umelipitisha mkiani mwa sentensi ukaliita suala jingine. Suala jingine lipi, baba?

Mwanamke aliyetoka kupiga goti mbele ya mzee alisimama akamwambia mzee huyo huyo kwamba samaki wake hawafai. Kwa jina lako wewe ni Mhaya, umelelewa kuheshimu wakubwa, unajua hilo linataka moyo kiasi gani. Alifanya, tena alikuwa sahihi. Wewe ukatoka na kidole chako ukamwaibisha mbele ya Mzee Ngosha na wapakuzi wote wa gatini. Samaki wakatupwa, na hukurudi kumwambia hata neno moja. Sasa unashangaa anakuja kukuuliza kila kreti? Mimi ningekuuliza kila samaki.

Na hayo makofi ya kilo, mama wa watoto wawili kasimamishwa kama mwanafunzi wa darasa la pili, naomba usiyarudie. Aliyekutuma semina alipoteza nauli.

Sikiliza sasa. Boti ya Mzee Ngosha ikifika wiki hii, shuka gatini mwenyewe. Mwamkie mzee vizuri, kisha mwambie, mbele ya Wilhelmina na wapakuzi wale wale: "Mzee, zile kreti sita zilikuwa zimeharibika. Dada huyu alikataa kwa haki, mimi ndiye niliyekosea. Kuanzia leo akisema hapana, kiwanda kimesema hapana." Usimwite ofisini ukamnong'oneza. Sauti itakutetemeka, na iache itetemeke, uonje anachoonja yeye kila asubuhi. Mzee akihamia kwa jirani, aende na samaki wake.

Ukimaliza, ingia ofisini ukae. Fomu za kukataa samaki mpe yeye azisaini. Akija kugonga, na atakuja, muulize, "Wewe umeonaje?" Akishasema, mwambie, "Basi kawaambie," urudi kwenye karatasi zako. Siku akikosea kweli, subiri boti ziondoke, ufunge mlango, mzungumze wawili. Goti lake mwachie, hilo ni adabu aliyofundishwa kwao na halijawahi kupokea samaki mbovu hata mmoja.

Kuhusu ripoti, usingoje mwisho wa mwezi. Iandike leo, kabla watoto wa watu hawajakosa ugali kwa ajili yako. Tajiri anataka kujua nani pale mapokezi anaogopa mawakala. Mjibu ukweli, Muganyizi. Andika jina lako.