Kwa Redio Wetu, Aliyeitwa Mtulivu

Mwaka umetimia, Dada, tangu simu ile ya msiba wako imkute Mama akianua nguo. Alizikumbatia zikiwa bado mbichi, akaingia nazo ndani. Mwaka mzima, na kaka yako fundi cherehani bado hajaitundua sare nyeupe aliyokuwa akikushonea. Inaning'inia ukutani, haina vifungo.

Hapa nyumbani ulikuwa Redio. Jina alikupa marehemu Baba, akidai ukishawaka hakuna swichi ya kukuzima. Ulikuwa ukiosha vyombo unaongea na vyombo vyenyewe! Ila kwenye sala, maajabu, ulikuwa mfupi: "Bwana, mimi nimeshafika. Na wewe njoo." Basi, umemaliza. Mama akikugombeza unamjibu, "Mama, Mungu ana foleni ndefu, tusimcheleweshe."

Kanisa likakutuma ng'ambo ukawe mkunga, kwenye zahanati ambako hakuna aliyejua hata neno moja la lugha yetu. Ukakaa miaka kumi na tisa. Tunaambiwa ulikuwa unasugua viganja mpaka vipate joto ndipo umguse mama mjamzito, asishtuke. Na kila mtoto aliyetua mikononi mwako ulimpa habari za kwetu kwa lugha yetu, hata kabla hajafumbua macho. Maskini Dada, ulikuwa unatafuta wa kuongea naye.

Barua zako zilikuja kwa anwani ya kanisa, na katibu alizisoma mbele ya watu kabla Mama hajagusa karatasi. Tulijivunia, tusiseme uongo. Mama alikaa benchi la mbele na kitambaa kipya kichwani. Sasa tunajiuliza ungemwandikiaje mama yako neno la moyoni, nawe unajua litasikiwa na kwaya nzima. Mwaka mmoja ulimalizia hivi: "Siku hizi nimechoka kusikia sauti yangu mwenyewe." Kanisa likaangua kicheko. Redio kachoka na sauti yake! Tulishika mbavu, na Mama alicheka kuliko wote. Utusamehe.

Ulizikwa kulekule. Wiki ya msiba, mpishi wa zahanati alituletea begi lako, akiwa na mkalimani aliyempata mjini. Mama alikuwa na swali moja tu: "Mwanangu alikuwa na watu?"

"Sana," mpishi alijibu. "Tulimpenda. Tulimwita Mtulivu."

Tukatazamana. Mtulivu? Wewe? Shangazi akaninong'oneza, "Jamani, hawa wametuletea begi la mtu mwingine."

Mpishi akaeleza kwamba kila Jumapili saa kumi jioni ulifunga mlango, ukamimina chai kwenye vikombe viwili, ukasali kwa sauti kwa lugha ya kwetu, saa nzima. Majirani walikatazana kugonga: "Mwacheni, yuko na Mungu wake." Watoto walifukuzwa uani. Mpishi mwenyewe alipita kwa kunyata, na kwa kusikia miaka yote hiyo akaishika sala yako kichwani, ingawa hakuelewa hata neno. Akaomba aisali pale mbele yetu, kwa heshima yako.

Tukafumba macho. Akaanza, kwa mkazo na vituo vyako vyote:

"Mama, umeshindaje? Kaa hapa. Kunywa chai, inapoa. Leo tena hakuna aliyekuja."

Tukafumbua macho kabla ya Amina. Mama peke yake ndiye aliyejibu: "Nimeshinda salama, mwanangu. Nimekaa."

Mkalimani, macho chini, akamweleza mpishi maana ya maneno yale. Mpishi alijipiga kifuani. "Kumbe ni sisi tuliomwacha peke yake! Tukidhani ni heshima!"

Mama akamshika mikono. "Na sisi tulicheka, mwenzangu."

Walilia wale wawili bila kuhitaji mkalimani. Mama hadai kwamba Mungu alikuacha. Alikuwepo, anasema, hilo hana shaka nalo, ila Mungu hanywi chai.

Siku hizi Jumapili saa kumi Mama anamimina vikombe viwili, mlango wazi kabisa. Mpita njia akisita mlangoni na kuuliza, "Mnasali?" Mama anamwambia, "Tunapiga soga. Ingia." Cha pili kinapata mnywaji kila wiki. Naye mpishi ametuma salamu. Chumba chako kimepata mkunga mpya, mgeni kama ulivyokuwa wewe, na Jumapili saa kumi yeye humgongea mlango. Hawaelewani hata kidogo, lakini wanakunywa.

Dada, uliyesema hakuna aliyekuja, leo tumekuja. Yupo Mama yako. Yupo kaka yako fundi na wifi yako, na watoto wao wanaokuita Shangazi bila kukuona hata siku moja. Yupo shangazi yetu, ambaye sasa ameamini begi lilikuwa lako. Yupo mpishi, aliyetuomba tumtaje kwenye kumbukumbu hii kama ndugu. Nami mdogo wako, kitinda mimba, niliyeandika haya. Maisha yetu yote tutakukumbuka.

Tumekaa, Redio. Chai ni ya moto. Ongea.