Gemu ya Calvince

Jumanne, 10 Juni 2025
Leo nimeng'ara! Naibu wa chifu kaita mkutano hapa Nyamasaria — anataka nyumba za gemu zifungwe, yangu ikiwemo, eti zinaharibu watu. Nikasimama. Mimi, mtu wa Doha miaka miwili! Shule niliachia kidato cha pili, lakini dunia nimeisoma yote. Nikawaambia gemu ni dawa. Mwangalieni Calvince, fundi wa kuchomelea. Kafiwa na babake wiki jana. Kagusa pombe ya chang'aa? Wapi! Yuko kwangu, anacheza mpira wa skrini, ametulia kama maji ya mtungi. Makofi!
Kisha Mama Rosa, muuza dagaa wa omena, akauliza kutoka nyuma: "Na amelia lini, Bwana Doha?"
Watu wakacheka. Mimi pia. Lakini.

Jumatano, 11 Juni
Siku ya sita hii. Tunafungua naye, tunafunga naye. Chapati nilizomletea zimekauka. Nikamtania — hata hao wachezaji wako hupumzika dakika kumi na tano, Bwana! Akaanza mechi nyingine. Na utani wangu umewahi kuchekesha askari wa uwanja wa ndege.

Ijumaa, 13 Juni
Celestine, dadake, kafika kutoka Katito. Mazishi ni kesho. Mwili umetoka mochari, uko nyumbani. Calvince ndiye kifungua mimba — asipotia udongo wa kwanza, wadogo zake watatia vipi? Kamwita mara tatu.
"Ngoja hii mechi iishe, nyamera, dadangu."
Celestine akanigeukia mimi. "Wewe ndio umempatia mahali pa kujificha."
Nikaenda hadi kwenye swichi.
Ningezima. Lakini nikizima, si nimekubali mbele ya Nyamasaria yote kwamba nauza sumu? Na yeye — nikimzimia skrini, ataangukia wapi?

Jumamosi, 14 Juni. Saa tatu asubuhi
Celestine kapiga simu. Mvua imeshafika Nyakach kwao, wazee watazika kabla ya mchana.
Nimechomoa waya. Mkono wangu huu huu. Naibu wa chifu acheke atakavyo! Nimemwambia Calvince, omera, ndugu yangu, nakupeleka mwenyewe, nasimama nyuma yako, ukianguka nakushika.
Pikipiki inanguruma nje. Naandika hapa mlangoni, nikimngoja. Hajainuka. Skrini nyeusi, na vidole vyake bado vinabonyeza padi ya gemu. Vinabonyeza tu.
Sasa ameuliza, bila kugeuka: "Nani anaongoza?"