Shamba la Dama Si Tupu

Izki, Dakhiliya
Ijumaa, baada ya sala, mwezi wa Shaaban

Ndugu yangu Nassor,

"Marekani ilikuwa nchi tupu, kaka. Watu wakaenda na majembe yao, wakatoka jasho, na leo wanaitawala dunia. Shamba la Dama nalo ni tupu vilevile. Wamo vikongwe wawili watatu na vijikaburi vyao, watahama."

Nimeyatanguliza maneno yako mbele ya salamu, na Mama anisamehe utovu huu wa adabu, kwa sababu tangu barua yako inifikie sijala nikashiba. Sasa salamu. Mama, nakubusu mikono yote miwili. Magoti yanaendeleaje, na usingizi unaupata? Nassor, wewe na shemeji Zuwena na watoto, khabari zenu? Sisi wazima wa mwili. Joto limeingia mapema mwaka huu, na kazini bado nafasiri barua za watu kutoka Kiingereza kwenda Kiarabu. Kiswahili kinawatoka watoto. Juzi Asya kaniambia, "Baba, kitabu yangu imepotea," nikamjibu kwamba kilichopotea ni zaidi ya kitabu. Dukani wakitusikia tukizungumza huuliza sisi Wazinjibari tumekuja lini. Nawaambia babu yangu alizaliwa nyumba ya tatu kutoka msikiti huu. Hucheka, wakanipimia mchele wangu, na swali lao narudi nalo nyumbani.

Turudi kwenye hoja yako. Usinisomeshe Marekani, Nassor. Ninacho kitabu chake kinene, nilikinunua Matrah kwa mhandisi Mwingereza aliyekuwa akifunga mizigo, na nimekisoma mara mbili penseli mkononi.

Watu wa kwanza waliingia huko kutoka Asia, zamani zisizo na hesabu, wakifuata wanyama. Walienea mpaka ncha ya kusini. Ndio waliotuanzishia mahindi, ambayo wewe huyala kila siku ukidhani ni chakula chetu tangu Adamu. Kando ya mto mkubwa walijenga mji wenye vilima vya udongo, udongo walioubeba kwa vikapu. Kisha zikaja merikebu za Wazungu, na mbele ya bunduki yalitangulia maradhi yaliyofagia vijiji vizima. Walowezi wa Kiingereza waliposhuka pwani ya kaskazini walikuta mashamba yamekwisha kufyekwa na mahindi yamefukiwa akiba. Wakayala. Wakafukua hata makaburi, kutazama mna nini. Halafu wakaandika kwao kwamba Mungu amewafungulia nchi. Ilikuwa tupu, naam, kwa sababu wenyewe walikuwa wamekufa juzi.

Walipohitaji mikono wakaileta kutoka Afrika, imefungwa minyororo. Wakagombana na mfalme wao, wakaandika waraka mtukufu kwamba watu wote wameumbwa sawa, na baadhi ya walioutia saini walikuwa na watumwa nyumbani wakiwangoja kuwavua viatu. Usicheke, maana babu yetu naye hakujivua viatu mwenyewe. Wakaandikiana mikataba na wenyeji, wakaivunja mmoja baada ya mwingine. Mataifa mazima yalihamishwa kwa miguu wakati wa baridi, yakizika watoto njiani. Nyati wa mbugani wakauawa mpaka nchi ikanuka, na wenyeji waliowategemea wakalala na njaa. Wakapigana wenyewe kwa wenyewe juu ya utumwa. Watumwa wakaachwa huru kwa karatasi, na wajukuu wao, mimi nikiwa mtu mzima, walikuwa bado wakipigwa virungu kwa kudai kura. Wachina walisaidia kuwajengea reli, kisha Wachina wakafungiwa mlango.

Ndiyo, wakatajirika. Taa, viwanda, magari, siyakatai. Hata hili la kunipeleka kazini ni lao. Wakaangusha mabomu juu ya miji miwili ya Japani, wakaunguza misitu ya Vietnam, wakapanda mwezini kutia bendera. Pale, Nassor, kweli palikuwa patupu. Ndipo pahali patupu pekee walipopata kukanyaga, na hawakukaa.

Jambo moja lilinishinda kulipita. Katika jangwa la magharibi yao, wenyeji wa kale walichimba mifereji mirefu ya kumwagilia, kama falaji zetu hizi. Wenyewe wakatoweka. Walowezi walipofika, miaka mingi baadaye, wakaifuata mifereji ile ile, wakaizibua, na leo mji mkubwa umesimama juu yake. Nilimhadithia hayo Mzee Khalfan, anayegawa zamu za maji hapa Izki, tukiwa barazani baada ya Alasiri. Akaniuliza nani aliichimba. Nikamwambia kitabu kinasema watu wale hawajulikani vizuri. Akaendelea kutafuna tende yake, akatema kokwa.

"Mfereji haujichimbi, mwanangu," akasema. "Kitabu hicho kakiandika anayekunywa maji yao."

Waliokuwapo wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa barua yako ilikuwa mfukoni mwangu.

Wewe mwenyewe unaliita shamba la Dama! Shamba lenye jina la mtu linakuwaje tupu? Mikorosho ile kaipanda nani? Umesahau kwamba Bi. Dama ndiye aliyetuletea mihogo tulipoteremka Malindi na nguo za mwilini tu, akamwambia Mama mkimbizi haulizwi kabila mpaka ashibe? Sasa hati ya kulifanya shamba hilo lako iko tayari, unasema, yangoja saini yako tu, Jumatatu ya kwanza baada ya Idi. Tena unaandika, kama mtu anayetia mzaha, kwamba mtalii wa Kimarekani kashaviulizia vigango, vile vibao vya kuchonga wanavyowasimamishia wafu wao, avipeleke sebuleni kwake. Umeyasoma maneno yako kabla ya kulamba bahasha?

Sikiliza lile ambalo sikukueleza, kwa kuwa mwaka ule ulikuwa mdogo, uko skuli mjini. Babu alikuwa akisema, "Nilipofika hapa palikuwa pori tupu." Tulikua tukilisikia neno hilo mpaka tukalihifadhi. Sakafu ya kuanikia karafuu, kule shambani kwetu Zinjibari, unaikumbuka? Chini yake mlikuwa na makaburi. Walikuwa wazee wa Makame, yule mpalilia wetu mpole, uliyekuwa ukipanda mabegani mwake. Baba alijua. Mimi nilijua. Makame alikwisha kumwambia Baba zaidi ya mara moja, kwa adabu, kofia mkononi, na Baba akamjibu watazungumza baada ya mavuno.

Mwaka wa sitini na nne, watu walipoingia shambani, Makame alikuwa kati yao. Hakunipiga wala hakunitukana. Alisogea mpaka ukingo wa sakafu, akavua makubadhi yake, akayaweka pembeni, panga bado liko mkononi.

"Bwana Suleiman," akasema, "shuka hapo. Umemkanyaga babu yangu muda mrefu."

Nilikuwa nimevaa viatu. Nikashuka.

Sisemi yaliyotendwa mwaka ule yalikuwa haki. Walikufa majirani wasio na kosa, watoto na wazee, na nitawalilia mpaka nife. Nasema tulikuwa tumekwisha kuambiwa, nasi tukaendelea kuanika karafuu. Na sasa nakuona wewe, mkimbizi mwana wa mkimbizi, unataka kumwaga sakafu nyingine, na watoto wako ndio watakaosimama juu yake siku ya kuambiwa washuke. Bi. Dama ana wajukuu. Wako skuli moja na wanao. Wanasikia kila neno.

Nisalimie Ami, muadhini wetu, na shangazi mshona kofia. Mwambie yangu imechakaa. Mkwe wetu wa Lamu naye msalimie. Barua hii anakuletea jirani yetu anayekuja kumwona binti yake Mombasa, ili isichelewe posta.

Wewe Nassor, kabla ya Jumatatu hiyo, nenda kwa Bi. Dama kwa miguu, si kwa gari. Vua viatu. Muulize jina la kila aliyelala pale, uandike, unitumie orodha kwa mkono wako mwenyewe. Usiyemjua jina huna ruhusa ya kumhamisha. Ukishayajua majina yote, mkono wako wenyewe utakataa kutia saini.

Na wewe shemeji Zuwena, msomee Mama barua hii yote, usiruke mahali, hata pale pa sakafu. Kisha ile kalamu niliyompa Nassor siku ya harusi yenu, itoe mfukoni mwake uifungie kabatini kwako, na ufunguo ukae na Mama mpaka majina hayo yafike Izki.

Kaka yenu,
Suleiman