Niruhusu Nilitaje Jina Lako

Mpendwa pacha wangu Bukuru,

Kabla hujaendelea, nakuomba maneno haya yaishie kwako. Usiyasome kwa sauti, usimpe rafiki akusomee, na ukimaliza uichane karatasi uitupe majini. Barua inakuja bila bahasha kwa sababu sijui anwani ya kuandika juu yake. Itavuka ziwa mikononi mwa watu wa mizigo, na yeyote kati yao atakayeikunjua kabla yako, namsihi aikunje kama alivyoikuta, asimwambie mtu. Mimi bado ni karani katika shule ileile. Kesho asubuhi nitakaa kwenye kiti changu nje ya mlango wa mkuu wa shule, na akijua ninachotaka kufanya, kiti hicho atakikalia mwingine.

Ni Jumapili mchana, niko chumbani kwangu Buzebazeba, huku mjini. Wapangaji wenzangu wote wamekwenda harusini. Walinialika, nikasema kichwa kinauma. Siku hizi nasema hivyo mara nyingi, na wameacha kubisha.

Nakumbuka uwanja wetu wa Ilagala kuliko ninavyokumbuka darasa lolote. Ulikuwa mchanga tu, na siku za kawaida ulianikiwa dagaa. Siku ya mechi akina mama waliwazoa dagaa wao wakinung'unika, na wewe ukawasaidia huku umeshavaa jezi, maana ulikuwa huwezi kusubiri. Goli la upande wa mto lilikuwa na shida yake. Mpira ukipaa, hakuna aliyeufuata mpaka mtu asimame ayatazame maji vizuri, kwa ajili ya mamba.

"Bukuru, piga chini!" Mwalimu Sadiki alikuwa akipiga kelele. "Mamba hana timu!"

Alikuwa akitufundisha jiografia asubuhi na kuwafundisha ninyi mpira jioni, kwa filimbi aliyoinunua mwenyewe. Mwaka ule mlipozifunga shule za mjini, alilia mbele ya wanafunzi wala hakujificha. Sekondari ya kata, wachezaji nusu wako peku, na mji mzima ukawa unauliza mmetoka wapi.

Ndipo gari jeupe la shule hii ya binafsi ya mjini likaja. Kocha alisimama pembeni ya uwanja akiwa na miwani ya jua, hakuongea na Mwalimu Sadiki hata salamu, na mechi ilipoisha akaja moja kwa moja nyumbani. Mama alikuwa anapasua samaki, migebuka.

"Mama, kijana wako tutamsomesha bure," alisema. "Bweni, chakula, sare, viatu, kila kitu juu yetu."

Mama hakusimamisha kisu. "Na huyu?"

"Huyu nani?"

"Pacha wake, huyu binti."

"Mama yangu, sisi tunatafuta mshambuliaji."

"Mimi sijui mnatafuta nini. Hawa walikuja pamoja. Tangu siku hiyo nikimpa mmoja nampa na mwenzake, hata fimbo. Ukimbeba huyu peke yake, anayebaki ataugua, na wewe hutakuwepo kumuuguza."

Kocha alicheka, kwa sababu si wa huku na alidhani ni utani. Alipoona mama hacheki akatoka nje kupiga simu. Sisi wawili tulikuwa nyuma ya mlango tumeshikana mikono. Aliporudi akasema, "Haya, mama. Wote wawili."

Hivyo ndivyo nilivyopata shule yenye maabara, maktaba na walimu wa kila somo. Wewe ulichaguliwa kwa miguu yako, mimi nilichukuliwa kwa sababu majina yetu yalikuwa yanatusubiri kabla hatujazaliwa, Bukuru anayetangulia na Butoyi anayefuata. Nisikusingizie, ulitaka kwenda. Ulilala na vile viatu vipya kifuani. Na mimi nilitaka zaidi yako, ila sikusema, kwa kuwa mimi sikuitwa.

Kumbuka siku mlipokutana na timu yetu ya nyumbani kwenye mashindano ya mkoa. Mwalimu Sadiki alileta watoto wa kidato cha kwanza kujaza nafasi, maana shule yetu mpya ilikuwa imemchukulia na kipa wake pia, katikati ya msimu. Hamisi, beki aliyekuwa akikaa dawati moja na wewe, alikusogelea kabla ya filimbi, na sisi tuliokuwa kwenye mstari tukamsikia.

"Bukuru, hivyo viatu umenunuliwa vya kutukanyagia sisi?"

Ulimjibu kwa kicheko kidogo, kisha ukafunga mabao, ukafunga tena, na hukushangilia hata moja. Jioni ulinikuta bombani nachota maji ukaniambia, "Butoyi, leo nimecheza kama mtu anayeiba kwao." Nilikutwisha ndoo ili uwe na kitu cha kufanya.

Fainali sitaieleza sana, ulikuwepo. Naeleza tu nilichokiona mimi, kwa sababu huenda nikaulizwa. Nilikuona ukianguka peke yako, hakuna aliyekugusa. Nilimwona kocha akikufunga bendeji gotini na kuivuta kwa nguvu. Nilimsikia akisema, "Dakika chache tu, mwanangu, tumalize, hospitali ipo." Ukarudi ndani unaburuta mguu. Tukachukua kombe. Hospitali ukapelekwa baada ya kombe, na daktari akasema goti lile lisingekuwa hivyo kama ungelala chini palepale ulipoanguka.

Muhula uliofuata kitandani kwako bwenini alikuwa amelala mshambuliaji mwingine, kijana kutoka vijiji vya juu. Mama alikuja kutoka Ilagala amevaa kitenge chake cha kanisani. Alimwambia mkuu wa wakati ule kwamba kama mmoja amerudishwa, basi na mwenzake anarudi, aliwapa wawili na anachukua wawili. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo zangu. Wewe ndiye uliyemzuia, pale getini, umeegemea fimbo.

"Mama, mwache huyu asome."

"Haijawahi kuwa hivyo," mama alisema.

"Basi leo iwe."

Ulinitazama mara moja, ukageuka. Tangu siku hiyo, Bukuru, sijawahi kukaa mahali nikajiona nimekaa sawasawa. Hata darasani nilikuwa najibana upande mmoja wa benchi.

Najua kwa nini uliondoka kijijini. Mama ameniambia walivyokuwa wakikuita "mchezaji wa kulipwa" kila ulipopita mwaloni, kwenye mitumbwi, ukichechemea, na kwamba Hamisi ndiye aliyewakemea. Mama yupo, mzima, macho tu yanasumbua. Nikimpelekea sabuni anauliza, "Ya Bukuru iko wapi?" Nimejifunza kubeba mbili mbili. Za kwako anaziweka kwenye sanduku chini ya kitanda, na chumba chote kinanukia sabuni.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike.

Nilipomaliza kidato cha sita nilisomea uhazili, shule ikaniajiri. Kazi nzuri, siwezi kuisema vibaya, inanilisha mimi na mama. Kama wiki mbili zilizopita mkuu wa sasa aliniita ndani, akaniambia nikae. Huwa haniambii nikae.

"Binti, kuna kijana Ilagala, Yasini, winga. Mama yake mgumu. Jumamosi utakwenda na kocha."

"Mimi nitafanya nini, mkuu?"

"Hufanyi kitu. Ukikaa tu pale, wataona. Mtoto wa palepale, mtoto wa mvuvi, leo yuko ofisini. Shule hii imekulea, au siyo?"

Nikasema ndiyo, mkuu. Nikarudi kwenye kiti changu nikakosea kuandika tarehe.

Tulikwenda, mimi na kocha yuleyule. Uwanjani tulimpita Mwalimu Sadiki, nywele zimekuwa nyeupe. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, kisha akamwambia kocha huku akitabasamu, "Karibuni. Mimi nalima, ninyi mnavuna. Safari hii mmekuja na gunia kubwa kiasi gani?" Kocha akajibu kwamba vijana wana haki ya kuchagua maisha mazuri. Mwalimu akasema, "Ni kweli. Nami nina haki ya kuuliza wanarudije."

Mama Yasini alitupa vigoda. Kocha akasema maneno yaleyale, bweni, chakula, sare, viatu, halafu akaninyooshea mkono. "Mtazame huyu, mama. Ni wa hapahapa kwenu."

Yule mama alinitazama muda mrefu. "Wewe si Butoyi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Pacha wako yuko wapi?"

Kocha aliwahi. "Yupo, anaendelea vizuri, ana shughuli zake."

"Sijakuuliza wewe, baba. Namuuliza mwenzake."

Bukuru, mimi ni mwoga, unajua. Nilikuwa naogopa hata kuagiza chai kantini. Lakini alivyoniuliza, ni kana kwamba mama yetu ndiye aliyeuliza. Nikasema, "Sijui alipo. Goti lake lilikatika akiwachezea, wakamrudisha nyumbani, na wala hakumaliza shule." Ilikuwa sauti ndogo, lakini walinisikia wote, na Yasini aliyekuwa mlangoni akaangalia miguu yake.

Mama Yasini hakumfukuza kocha. Alisema tu, "Basi mniache nifikiri. Mkiniambia akivunjika nani atamsomesha, mje." Kocha akaondoka na gari akaniacha. Nilirudi mjini na boti ya dagaa.

Jumatatu mkuu hakuniambia nikae. Alisema nikirudia maneno yale mahali popote, nitafute kazi nyingine. Sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo maana iliniogopesha.

Mwisho wa mwezi kamati ya michezo ya mkoa itamsikiliza Mwalimu Sadiki. Hataki shule binafsi zizuiwe kuchukua vijana, na mimi pia sitaki, nani angenisomesha? Anataka mambo mawili. Kijana aliyechukuliwa katikati ya msimu asicheze dhidi ya shule aliyotoka mpaka msimu uishe. Na shule iliyomchukua imsomeshe mpaka amalize, awe na mguu au hana. Kamati inasema hayo ni manung'uniko ya mtu aliyefungwa uwanjani, alete mtu mmoja aliyetendewa hayo. Mwalimu aliniomba niende nieleze. Mama Yasini naye anasubiri kamati iseme nini kabla hajajibu.

Kazi nitaipoteza, hilo nimeshalikubali. Kinachonizuia ni wewe. Siwezi kusema "kuna kijana mmoja", watacheka. Lazima niseme Bukuru, mtoto wa mama fulani wa Ilagala, goti la kulia. Na ulikwenda mbali ili watu waache kulitaja goti lako. Mara ya mwisho uliamua peke yako kwa ajili yetu sote wawili. Mimi sitaki kufanya hivyo. Kinachosemwa juu ya mmoja kinamhusu na mwenzake, kwa hiyo nakuuliza: niruhusu nilitaje jina lako, au niambie ninyamaze, nami nitanyamaza na sitakulaumu.

Nimejua ulipo kwa bahati, juzi tu. Furaha, dada wa Kikongo anayeleta vitenge, alinitazama sokoni Katonga akashangaa. "Wewe, mbona sura yako iko Kalemie?" Akasema kuna kijana bandarini kule, ng'ambo ya ziwa, anapakia mizigo, mguu mmoja mgumu, anacheka sana. "Njo yeye kabisa, dada, anacheka kama wewe." Njo yao ni ndiyo yetu, umeshazoea. Nikamwambia mimi sichekagi. Akasema, "Njo maana nasema iko Kalemie." Nilikwenda nyuma ya vibanda nikalia, kwa furaha au kwa nini sijui.

Jibu lako linifikie hivi. Usipige simu shuleni, simu ile inapokelewa ndani kwa mkuu. Usitume kwa mtu wa Ilagala, litamfikia mama kabla yangu naye hatalala. Mwambie Furaha kwa mdomo, neno moja linatosha, taja au nyamaza. Yeye hushusha mizigo Katonga upande wa wauza mawese, na kila boti yake inapoingia nitakuwepo nikitoka kazini. Kama hakuja yeye, mpe yeyote anayevuka, aje Buzebazeba aulize mpangaji wa chumba cha uani, yule msichana asiyekwenda harusini. Watamwonyesha. Asitaje shule. Akinikosa, aache ujumbe kwa mama mwenye nyumba, ni mtu wa siri.

Na kama hutaki kujibu hilo, basi tuma hata salamu. Mwambie atakayekuja aniambie umevaa nini siku hiyo, na umekula nini. Nitamkalisha chini anieleze polepole.

Mimi, anayekufuata,
Pacha wako Butoyi