Bibi Harusi wa Ukuta wa Alimbongo

Butembo,
Jumapili, tarehe 15 Oktoba 2023

Mpendwa dada mkubwa, yaya wangu Nadège,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Élysée, salamu zenye baridi ya Butembo ili zikupunguzie joto la Mbuji-Mayi. Hujambo? Shemeji Tshibangu ni mzima? Mgongo wake umepoa, au bado anausingizia kila akitakiwa kubeba maji? Watoto wanaendeleaje na masomo? Sisi huku Mungu anatutunza. Mvua inanyesha kila alasiri, maharagwe yamekubali, na Providence wangu ameacha kukohoa. Mimi mwenyewe sina ugonjwa ila ule unaoujua, wa kukusanya makaratasi.

Nakuandikia kukushukuru. Najua tumezungumza kwa simu, lakini simu hukatika mazungumzo yanapokuwa matamu, na tena ndani ya bahasha hii mna kitu kisichopita kwenye simu. Tafadhali usikitoe bado, soma kwanza. Lakini nakujua, umeshakitoa.

Unalikumbuka sanduku langu la bati, lile ambalo Providence analiita mke mwenza. Ndani mna vile vitabu vya picha vya Kiraka, ambavyo mzee Gamaliel Maliro alikuwa akivichora tulipokuwa watoto, vikachapwa kwa mashine ya ronéo ya parokia, na mama zetu wakavinunua sokoni pamoja na chumvi. Kiraka na suruali yake ya viraka, mfanyabiashara asiyevuka mpaka wa Kasindi hata siku moja bila kupoteza kitu! Nimevitafuta tangu nilipoota ndevu. Kimoja nilikipata Manguredjipa kwa mchimba dhahabu aliyekuwa akikitumia kupepea moto. Kingine nilikikuta kwa mama mmoja muuza karanga, amekwisha kuanza kuchana kurasa za kufungia. Alikataa kuniuzia kitabu bila karanga, nikanunua vyote, tukala karanga mpaka watoto wakakimbia meza. Nina pia kibao cha kinyozi alichokipaka rangi Maliro mwenyewe, kalenda aliyoichorea duka la misumari, na brashi yake moja iliyokauka. Providence huuliza brashi iliyokauka inanifaa nini. Mimi siitupi tu.

Kilichokosekana kilikuwa kimoja tu, kile cha ndoa ya Kiraka.

Basi, mwezi wa saba nikasikia kwamba mzee Maliro yu hai, anakaa Beni kwa mwanawe Zorobabel. Yaya, sikulala. Nilifunga sanduku zima nyuma ya moto, yaani pikipiki yangu, nikaenda. Nilidhani nitamkuta bwana mkubwa, anipe mkono, nijisifu. Nikamkuta mzee mwembamba amekaa mlangoni, jicho la kuume limekwisha zima na la kushoto linazimika polepole. Daktari amewaambia hakuna la kufanya tena. Na nyumba yao ya zamani, pembeni mwa mji, ilichomwa siku ile walipokimbia na nguo za mwilini tu. Kila alichokichora maishani kilikuwa humo, na kikaungua chote.

Nilimfungulia sanduku. Alitoa kitabu kimoja kimoja, anakinusa kwanza, kisha anakileta karibu na jicho mpaka karatasi inagusa kope. Alikuwa akicheka mizaha yake mwenyewe, kama aliyeisimuliwa na mtu mwingine. Alipofika chini ya sanduku, akaendelea kupapasa bati.

“Na ile ya ndoa iko wapi?”

“Niko nazo zote, papa, lakini ile moja tu, hapana.”

Alivirudisha vitabu ndani kwa taratibu, akafunga sanduku. Zorobabel alinisindikiza barabarani, ndipo akanieleza. Yule bibi harusi wa Kiraka ana sura ya mama yake, marehemu Emérence. Maliro alimkalisha mkewe mbele yake na kumchora, maana hakuwa na mwanamke mwingine wa kumtazama sana bila kupigwa. Picha zote za mama ziliungua pamoja na nyumba. Mzee alitaka kuuona uso wa mke wake mara moja tena kabla jicho halijazima.

Nilirudi Butembo nimenyong'onyea. Miaka yote nimejiita mtu mwenye Kiraka wote, nina kibao, nina kalenda, nina brashi iliyokauka, na kile ambacho mwenyewe alikihitaji sina!

Ndipo nilipokupigia. Nawe ukacheka mpaka nikakasirika, ukaniuliza: “Weye Élysée, kule Alimbongo ulikuwa unalala wapi?”

Wanasema mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi kweli nilistahili kuambiwa. Nilikuwa nimesahau kabisa. Kila Noeli, kwenu kule Alimbongo, marehemu mama yako, mama mkubwa Kavuo, alikuwa akipika uji mzito wa muhogo na kubandika karatasi mpya ukutani, kama wafanyavyo watu wa kule juu milimani, ili udongo usimwagike kitandani na baridi isipenye. Lakini yeye alibandika Kiraka kwa mpangilio, ukurasa baada ya ukurasa, kando ya kitanda chetu, ili tusome tukiwa tumelala. Na kwa kuwa upande mmoja wa kila karatasi ulitazama ukuta, tulisoma ukurasa mmoja na kukosa mmoja, na zile tulizozikosa ulitutungia wewe. Mimi nimekua nikiamini kwamba Kiraka alipewa mke na chui. Kumbe chui alikuwa wako.

Umri wangu wote nimezunguka nchi kutafuta kitu nilichokuwa nimelaza sikio juu yake.

Kwa hiyo nikaenda Alimbongo. Mama mdogo Berthe, kama unavyojua, ndiye anayekaa katika nyumba ile tangu dada yake afariki. Alinipokea vizuri, akanipa viazi na maziwa, lakini nilipogusa ukuta akasimama katikati.

“Hapana gusa. Hii ukuta ni mikono ya yaya wangu. Mukitoa makaratasi, miye nitabaki na nini yake?”

Nilimweleza habari za mzee wa Beni. Alimhurumia, akasema atamwombea, na hakusogea. Damu ilinipanda, nusura niseme neno la kijinga. Kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nimefunga brashi iliyokauka ndani ya kitambaa, nikanyamaza. Nikakupigia tena, nikaweka simu juu ya meza ili sote tusikie. Hayo uliyosema sitayasahau, ndiyo maana nayaandika, hata kama ni yako:

“Mama mudogo, miye sikufika ku kilio yake, unajua. Ile ukuta ni yangu pia. Acha itoke ile moja tu, ya bibi harusi. Mama angeitoa.”

Yaya Nadège, hapo ndipo shukrani yangu yote ilipo. Wewe uliyekosa hata udongo wa kutupa kaburini, kwa sababu ndege zilikatazwa wakati ule wa korona, ndiwe uliyekubali kupunguza kidogo kilichobaki. Mama mdogo aliinuka. Kisha akatoka, nikadhani amekasirika, kumbe anaenda kuwasha makaa ya pasi.

Kazi ilituchukua mchana mzima. Tulianza kubandua kalenda za parokia, mwaka juu ya mwaka, chini yake tukakuta uso wa mgombea mmoja wa uchaguzi bado anatabasamu, chini yake mfuko wa saruji, na ndipo Kiraka alipotokea, amekuwa wa kahawia kama chai. Mama mdogo alilaza kitambaa chenye maji juu ya ukurasa, akapitisha pasi, mvuke ukaingia, na ule uji wa muhogo wa mama mkubwa ukalainika. Akapenyeza kipande cha mwanzi nyuma ya karatasi. Nilinyoosha mikono kusaidia.

“Weye mikono yako inapenda sana,” akaniambia. “Kaa kule.”

Nikakaa kule. Upande wa nje ulionyesha mitungi ya pombe ya kasikisi, wageni, na bibi harusi kwa mgongo. Mama mdogo alipoigeuza karatasi juu ya meza, uso ulikuwa pale. Mende walikuwa wamekula shela yote na nusu ya shada la maua, lakini uso hawakuugusa. Ni mwanamke mwenye mashavu mapana na pua fupi, anaangalia pembeni kama mtu anayezuia kicheko kanisani.

Mama mdogo alikataa kunikabidhi. Aliuweka ukurasa kati ya sinia mbili, akazifunga kwa kitenge, akapanda nyuma ya moto pamoja nami mpaka Beni, yeye ambaye hajawahi kupita Lubero tangu aolewe! Kila shimo la barabara alinipiga begani.

Sasa nikuambie nilichokuwa nimepanga. Tulipopita Butembo nilipiga fotokopi ya ukurasa ule, nzuri kabisa, nikaikunja mfukoni. Nia yangu ilikuwa mzee auone wa asili, afurahi, kisha nimwachie fotokopi, na wa asili urudi kulala sandukuni kwa wenzake. Nilikuwa nimetengeneza hata hotuba.

Tulipofika Beni, mzee aliupokea ukurasa, akaenda dirishani. Alisogeza ukurasa mpaka pua yake ikagusa pua ya bibi harusi, akabaki hivyo. Tulisubiri. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani ni kilio tu, lakini kicheko kilikuwemo pia.

“Pua nilimuharibia,” akasema. “Alinikasirikia mwezi muzima juu ya hii pua. Sombe yenyewe, majani ya muhogo tu, alininyima.”

Fotokopi sikuitoa mfukoni. Ndiyo iliyo sandukuni sasa, na vitabu vingine vimeizoea.

Baadaye, tulipokuwa tukila, akauliza ukurasa umetoka kwenye ukuta wa nani. Mama mdogo akamsimulia habari za mama mkubwa Kavuo, uji wake wa Noeli, na watoto waliosoma wakiwa wamelala. Nami nikaongeza kwamba binti yake yuko mbali na kwamba tumebaki na picha moja tu, ile ya kadi ya kupigia kura, ambamo mama mkubwa amenuna kama mtu aliyeibiwa kuku. Mzee akaomba karatasi ngumu na makaa.

Natamani ungekuwepo. Yeye amelaza shavu juu ya meza ili jicho lifike, mama mdogo amesimama nyuma yake anatoa amri.

“Mashavu namna gani?”

“Ongeza. Tena. Voilà.”

“Na kitambaa?”

“Alikuwa anafungia ku nyuma, hivi.” Akamshika mzee kifundo cha mkono, wakachora pamoja.

Mistari mingine imekwenda mara mbili kwa sababu jicho lilipotea njia, na sahihi imepinda. Usiilaumu. Zorobabel anasema tangu siku ile baba yake hajashika tena kitu cha kuchorea, anasema amemaliza vizuri. Mama mdogo alipoitazama alisema “Ni yeye,” akaenda kukaa nje peke yake. Aliporudi alisema picha hii si ya ukuta wa Alimbongo wala si ya sanduku la Élysée, ni ya Nadège. Hilo la sanduku alilisema akinitazama.

Basi, kama hujaitoa, itoe sasa. Huyo ni mama yako, amepanda juu ya kigoda, bakuli la uji mkono wa kushoto, na amegeuza kichwa kama anayesema leteni nyingine.

Kwa kweli imekaa kwangu muda mrefu kuliko ilivyopasa. Nilikuwa nikisingizia kwamba sijapata mtu wa kuibeba. Providence alinivumilia, halafu siku moja akaiweka kati ya makartoni mawili, akashona bahasha kwa sindano ya magunia na kunitajia jina la mwalimu Aurélie, anayekwenda likizo kwao Mbuji-Mayi. Mpe Aurélie chakula kizuri, ameahidi kuishika mapajani safari yote.

Habari nyingine ni chache. Ndugu yetu Vagheni bado yuko Kasindi na malori yake, anasema mimi ndiye Kiraka na yeye ndiye mwenye akili, ingawa juzi amepoteza viatu forodhani. Binti yetu mkubwa atapata komunyo ya kwanza mwezi wa kumi na mbili. Pengo la ukuta kule Alimbongo mama mdogo hajaliziba, anasema lisubiri Noeli.

Mama mdogo Berthe anakusalimu sana. Providence na watoto wanakusalimu, na mzee Maliro ameniagiza nikuambie asante ya mtu mzima kwa mtu mzima. Msalimie shemeji Tshibangu na wanao wote, mmoja mmoja kwa jina lake. Mungu aliyeulinda uso ule chini ya kalenda zote zile awalinde na ninyi chini ya mkono wake, atukutanishe tungali tunaonana kwa macho.

Neno la mwisho, kutoka kwangu mimi ninayegombana na kila mtu anayegusa karatasi kwa gundi. Ukitaka kumbandika mama ukutani, karibu na kitanda, pika uji wa muhogo umbandike. Sitasema kitu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Élysée Syauswa