Shoka Juu ya Mzeituni wa Kouvaris

Kalopirgi, Mani,
9 Novemba 1889.

Mpendwa kaka Dikaios,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Aleksandria? Kifua kimepona? Sisi tu wazima, ila mama anakula kidogo sana.

Najua barua ya Baba Mdogo Drakos imekufikia, au imo katika meli hii hii. Nakusihi, usikate tiketi kabla hujamaliza kusoma yangu.

Ni kweli baba amefariki. Alikutwa asubuhi chini ya mzeituni mkubwa wa Lias Kouvaris, kichwa kimepasuka. Ni kweli pia kwamba siku iliyotangulia waligombana mkahawani juu ya mpaka wa mashamba, na Lias akasema mbele za watu, "Mzee, ukikanyaga tena kwangu utatoka umebebwa." Basi ukoo ukahukumu palepale: muuaji ni Lias, na wa kulipiza ni wewe, mwana wa kiume wa pekee.

Shangazi Kaliroi ndiye aliyemwosha baba. Aliniita kando, akanong'ona, "Ligeri, hebu ona viganja hivi." Vilikuwa vimechubuka vyote, na kucha zimejaa maganda ya mti. "Mtu aliyevamiwa kwa nyuma anakwaruza mti kwa nini?"

Tukaenda kwenye ule mzeituni, kama tunaokwenda kuchuma mboga za porini. Kaka, niliogopa. Kwenye dirisha la mnara wa nyumba ya akina Kouvaris mtutu wa bunduki ulikuwa umechomoza. Shangazi akapaza sauti, "Weka chini hiyo, Lias! Tangu lini mnapiga wanawake risasi?" Mtutu ukarudi ndani.

Hakuna aliyekuwa ametazama juu. Shoka la baba lilikuwa bado limenasa kwenye tawi nene lililosheheni zeituni, tawi ambalo tayari lilikuwa limekatwa nusu. Tawi alilolikanyaga lilikuwa limevunjika, linaning'inia.

Nilitaka muuaji, kaka. Nilitaka jina la kulilaani. Nikapata baba aliyeanguka akiharibu mti wa jirani. Shangazi alilia pale zaidi kuliko alivyolia mazishini.

Tulimwita Baba Mdogo. Alitazama, akapanda, akalitoa shoka na kulitupa kisimani.

"Hamkuona kitu," akasema.

"Drakos, Lias hana hatia!" Shangazi akamwambia.

"Afadhali waseme kaka yangu aliuawa kuliko waseme alikufa kama mwizi. Na wewe Ligeri, chunga mdomo wako."

Nilimwambia mama. Alinizaba kofi, na tangu siku hiyo hanisemeshi. Kila asubuhi anaipaka mafuta bunduki ya baba.

Lias hatoki nje. Mkewe anavuna zeituni peke yake, nyingine zinaoza chini. Jana tulikutana njiani. Hakunisalimu, aliniuliza tu, "Anakuja lini?"

Jibu unalo wewe. Bila mwana wa marehemu hakuna atakayethubutu kuanza kulipiza kisasi. Mwandikie kasisi kwamba hudai damu ya mtu, aisome kanisani. Watakuita mwoga, na mimi wataniita msaliti. Niko tayari.

Shangazi Kaliroi anakusalimu sana, pia binamu Metaksia, aliyejifungua binti mzuri. Mama hajui kama nakuandikia.

Mungu akufunike, akutie nguvu ya kubaki huko huko.

Ni mimi dada yako nikupendaye, nisiyetaka kukuona mwaka huu,

Ligeri